Avareji Si Wastani: Neno la Baharini Lililopelekwa Shule

Wazee wangu, akina mama, vijana wa forodha, na nyinyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Mada ni neno moja la Kiingereza: average. Hapa kwetu tunalitamka avareji. Mtoto wa darasa la sita akiulizwa maana yake hababaiki: ni wastani, unajumlisha kisha unagawanya. Hajakosea. Lakini neno hilo hilo limekaa kwenye karatasi tatu ambazo hazina habari na shule: hati ya shehena, barua ya mwenye meli baada ya ajali, na hati ya bima ya nyumba. Ukilisoma kama wastani kwenye karatasi hizo, utalia.

Tuseme mwagizaji ameletewa barua kwamba meli iliyobeba kontena lake imetangaza general average. Anaitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, anapata “wastani wa jumla”. Anadhani ni takwimu za kampuni ya meli, pengine ripoti ya mwaka, anaitia kwenye droo. Wiki tatu baadaye wakala wake anakwenda kutoa kontena bandarini Kilindini na anaambiwa halitoki. Kontena zima, halina hata mkwaruzo, na bado halitoki. Ile barua ilikuwa inasema: kuna hasara imetokea baharini, nawe umo katika wanaoilipa.

Imekuwaje neno la hesabu likawa neno la hasara? Mambo yalikwenda kinyume. Lilianza hasara, hesabu ikafuata.

Wataalamu wengi wa asili ya maneno hulirudisha kwenye Kiarabu: awar, kwa herufi ain mwanzoni, maana yake kasoro, kilema, ubovu wa kitu. Mzizi huo si mgeni hapa Mombasa hata kidogo. Anayenunua mbuzi wa Idi ya kuchinja humshika kidevu akamkagua macho, maana chongo lililo wazi humtoa mbuzi kwenye udhiya, na mbuzi jike mwenye chongo kwa Kiarabu ni awraa. Kwenye mlango wa zaka ya wanyama imepokewa kwamba hatolewi mnyama mkongwe wala mwenye awar. Na ile awra tunayofundishwa madrasani, sehemu za mwili zipasazo kusitiriwa, ni ndugu wa tumbo moja na maneno hayo: penye udhaifu, pasipofaa kuachwa wazi.

Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati wakalitumia kwa bidhaa iliyoharibika safarini, hasa iliyoingia maji ya chumvi. Wagenoa wa Italia waliandika avaria tangu karne ya 12. Wafaransa wakasema avarie. Waingereza walilichukua mwishoni mwa karne ya 15, wakalipachika mkia wa -age kwa kuiga neno lao la uharibifu, damage. Jirani zao hawakulihamisha mbali: mpaka leo Mreno akisema avaria, au Mhispania akisema avería, kuna kitu kimeharibika, na Mrusi akisema avariya kuna ajali. Kiingereza ndicho kilicholitoa melini kikalipeleka darasani.

(Si neno pekee lililopita njia hiyo. Monsoon ya Waingereza ni msimu wetu, magazine ni jamaa wa hazina, na tariff, ushuru unaotuumiza kichwa kila Juni bajeti ikisomwa, ni ndugu wa taarifa. Tuliyachukua kwa Mwarabu mlango wa mbele, Mwingereza akayapata kwa kuzungukia nyuma.)

Sasa tuingie chomboni, maana kiini cha neno kiko huko. Chukueni jahazi linashuka na kaskazi kuja Mombasa. Chombo chenyewe, tanga na mlingoti na vyote vyake, kina thamani ya shilingi 3,000,000. Ndani mna tende za mtu mmoja, 1,000,000. Mazulia ya mwingine, 500,000. Na ng’onda wa tatu, 500,000. Jumla ya kila kilichoko hatarini ni 5,000,000. Bahari inachafuka, chombo kinakwenda mrama, maji yanajaa ngamani kupita nguvu ya wanaoyachota kuyatoa nje. Nahodha anaamua: tosa ng’onda. Kwa nini ng’onda? Kwa sababu ndio walio juu, wanafikiwa haraka, si kwa sababu mwenyewe ana deni kwa nahodha. Wanatoswa wote, jahazi linapata wepesi, linafika.

Je, mwenye ng’onda apige moyo konde peke yake? Mali yake ndiyo iliyonunua usalama wa tende, mazulia na jahazi. Basi hasara ya 500,000 inapimwa juu ya 5,000,000: asilimia 10. Kila mmoja anatoa asilimia 10 ya mali yake. Jahazi linatoa 300,000, tende 100,000, mazulia 50,000. Anayepokea ni mwenye ng’onda, na hapa ndipo wengi huteleza: hapokei 500,000. Anapokea 450,000, kwa sababu naye yumo katika kuchangia, na sehemu yake ni 50,000. Angelipwa zote, angekuwa mtu pekee aliyetoka katika dhoruba bila kupoteza kitu, na kila mwenye mzigo angetamani wake ndio utoswe. Kwa hesabu hii wote wametoka na pengo la asilimia 10, sawasawa.

Hiyo ndiyo general average. Tukiipa jina letu, naona linalofaa ni hasara ya pamoja. Na ni ya kale kuliko neno lenyewe: sheria za Kirumi zilizokusanywa chini ya Kaizari Justinian mwaka 533 zina mlango mzima wa kutosa mizigo, nao unaitaja sheria hiyo kuwa ya watu wa kisiwa cha Rhodes. Leo inaendeshwa kwa Kanuni za York-Antwerp. Mkutano wa York ulikuwa 1864, wa Antwerp 1877, na toleo la mwisho kufanyiwa marekebisho ni la 2016.

Si kila hasara ya melini hugawanywa hivi. Lazima hatari iwe ya kweli na ya wote, chombo na shehena pamoja. Lazima kitendo kiwe cha kukusudia na chenye busara. Maji yakipenya kwenye kontena lako kwa sababu mpira wa mlango umechakaa, hiyo ni hasara binafsi, ile ambayo Kiingereza cha bima huiita particular average, na unaibeba wewe na bima yako. Kontena likichomoka lenyewe kwa mawimbi, vivyo hivyo, hakuna aliyelitosa.

Mfano wa moto ndio unaoonyesha ukali wa mpaka huo. Makontena matatu yamepangwa bavu kwa bavu. La kwanza limeungua. La pili halikuguswa na moto, lakini mabaharia walilimwagia maji ya kuuzimia, nguo zote zikaoza. La tatu halikuungua wala kulowa, ila moshi uliingia, na kahawa iliyomo inanuka kama jivu. Wenye mali wote watatu wamepata hasara usiku mmoja, kwa moto mmoja. Anayefidiwa na wenzake ni yule wa pili tu. Moto haukukusudiwa, maji yalikusudiwa. Moshi na joto Kanuni zinavitoa nje waziwazi, vyovyote vilivyosababishwa. Wa kwanza na wa tatu waende kwa bima zao. Na bado, kama kimesalia chochote chenye thamani katika mali yao, wanachangia kumlipa wa pili. Najua linauma. Lakini ndivyo lilivyo, na ni heri kulijua kabla ya kuagiza kahawa.

Wala msidhani ni mambo ya majahazi tu. Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kunasuliwa baada ya siku sita, wenye meli walitangaza hasara ya pamoja. Ilikuwa imebeba zaidi ya makontena 18,000. Dali, iliyogonga daraja la Baltimore Machi 2024, ilifuata njia hiyo hiyo. Mfano mchungu zaidi ni Maersk Honam, iliyoshika moto Bahari ya Arabuni Machi 2018. Wenye shehena walitakiwa dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani ya mali kwa ajili ya waokoaji, na asilimia 11.5 kwa ajili ya hasara ya pamoja. Jumlisheni: 54. Mwenye mzigo wa dola 40,000 asiye na bima alitakiwa kuweka dola 21,600 mezani kabla ya kuliona kontena lake.

Basi barua hiyo ikifika, fanya nini?

Siku hiyo hiyo ipeleke kwa kampuni yako ya bima, pamoja na hati ya shehena na ankara ya muuzaji. Zipo karatasi mbili zinazotakiwa. Ya kwanza, average bond, ni ahadi yako wewe mwenye mzigo kwamba utalipa sehemu yako ikishakokotolewa, unaisaini wewe. Ya pili, average guarantee, ni dhamana ya bima kwamba italipa kwa niaba yako. Hiyo wanaisaini wao, na wewe hutoi fedha taslimu. Asiye na bima hana karatasi ya pili, kwa hiyo anaweka amana ya pesa. Amana si bili. Mkokotoaji, mtaalamu anayegawanya hasara hiyo, huchukua miaka kumaliza kazi yake, na kikizidi kitu unarudishiwa, mradi risiti ya amana hujaipoteza. Itunze kama hati ya shamba.

Makosa yanayorudiwa ni yale yale. Mtu anasaini fomu ya thamani ikiwa tupu, anamwachia wakala aijaze. Au anaandika bei ya kiwandani ilhali kinachotakiwa ni thamani ya mali inaposhuka, pamoja na nauli na bima. Ankara yako na ya mwenzio zikipishana hivyo, jalada linasimama. Au anachelewa akidhani anajadiliana, huku storeji na demareji, ada za kukawiza kontena, zinakimbia, nazo hazihesabiwi ndani ya hasara ya pamoja, ni zako. Kosa baya kuliko yote ni la wanaoshirikiana kontena moja, watu kumi na mizigo kumi. Kontena hilo halitoki mpaka wote kumi wameweka dhamana. Mmoja akizima simu, tisa wanakaa. Mkikusanya mizigo Dubai au Guangzhou, muulizane habari ya bima huko huko, si hapa.

Na bima yenyewe isiwatishe. Vifungu vya kimataifa vya bima ya shehena vilivyoanza 1982 viko vya daraja tatu, A, B na C. Daraja C ndilo la bei nafuu, halifidii hata wizi, lakini mchango wa hasara ya pamoja na wa waokoaji umo. Kwa hiyo anayesema “mzigo wangu ni vyuma vitupu, vitaharibikaje?” hajaelewa. Vyuma haviharibiki, ila vinachangia.

Sasa, hesabu ilizaliwaje humu? Ile asilimia 10 ya jahazini ndiyo mama yake. Kazi ya kugawa hasara isiyo sawa iwe mzigo ulio sawa ilifanywa na wafanyabiashara wa Kiingereza kwa vizazi, mpaka neno likahama kutoka hasara kwenda kwenye kugawa kwenyewe, na katika karne ya 18 tunalikuta linamaanisha thamani ya kati ya namba kadhaa. Mali ikatoka ndani ya neno, yakabaki kujumlisha na kugawanya.

Huko shuleni nako lina mitego, ingawa ni midogo. Watu tisa wanalipwa 20,000 kila mmoja na meneja 420,000. Jumla 600,000, gawanya kwa kumi, wastani 60,000. Hakuna mtu katika ofisi hiyo anayepokea 60,000. Ukitaka kujua hali ya mfanyakazi, wapange kwa foleni na umtazame aliye katikati: 20,000. Tangazo la kazi likikwambia “wastani wa mshahara wetu”, uliza wa foleni. Mwendo nao: kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120. Ukienda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 40, wastani wa mwendo wako si 50. Ulikwenda saa mbili, ukarudi saa tatu, kilomita 240 kwa saa tano ni 48. Mwendo wa polepole hula muda mrefu zaidi, kwa hiyo huvuta hesabu upande wake.

Wapenzi wa kandanda nao wana yao. Zamani ligi ya Uingereza haikutoa magoli ya kufungwa kutoka kwenye ya kufunga. Iligawanya, na ikaita goal average. Msimu wa 1923–24 Huddersfield Town na Cardiff City walimaliza na pointi 57 kila mmoja. Huddersfield walifunga 60 wakafungwa 33: inatoka 1.818. Cardiff 61 na 34: 1.794. Ubingwa ukaenda Huddersfield. Kwa kutoa, kama tunavyofanya sasa, wote wana 27, na Cardiff wangechukua kombe kwa goli moja la ziada walilofunga. Kugawanya kuliachwa huko mwaka 1976, na nadhani kwa haki.

Katika mazungumzo ya kila siku neno limepoa zaidi. Mwingereza akisema filamu ni average, anaitukana kwa adabu: hamna kitu. Hapa mfasiri aangalie sana, kwa sababu wastani ya Kiswahili, iliyotoka kwenye wasat, katikati, haina dharau hiyo. Mtu wa wastani kwetu ni mtu asiyepindukia, na matumizi ya wastani ni sifa njema. Ukiandika “chakula kilikuwa cha wastani” kwa maana ya Kiingereza, msomaji wa Mombasa ataelewa kwamba hakikuwa kingi wala kidogo. Sema chakula hakikuwa na ladha, au kilikuwa hivi hivi tu. Average person naye si “mtu wa wastani” bali mtu wa kawaida, raia yeyote uliyekutana naye soko la Marikiti.

Nimeacha karatasi ya tatu makusudi, kwa sababu ndiyo inayoingia majumbani, hata kwa asiyewahi kuagiza kitu nje. Fungueni hati zenu za bima ya moto. Kurasa za nyuma mtakuta kifungu kinachoitwa average, mistari minne au mitano. Hapo si wastani, wala si meli. Ni kwamba ukikata bima chini ya thamani, kampuni inakuchukulia kuwa wewe mwenyewe ni mshirika katika bima kwa sehemu uliyoiacha, kwa hiyo ubebe nawe.

Nyumba Kisauni, kuijenga upya ni milioni 10. Mwenyewe, ili alipe ada ndogo, ameikatia bima ya milioni 6. Moto unaunguza jiko na vyumba viwili, hasara milioni 2. Anasema moyoni, nimelipia milioni 6, hasara ni 2, nitapewa zote. Anapewa milioni 1.2. Sita juu ya kumi, mara milioni 2. Laki nane zilizobaki ni zake, na hajaibiwa. Kifungu kilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kinachowakosesha watu namba sahihi ni mambo mawili. Wengine huandika bei waliyonunulia au kujengea miaka kumi iliyopita, ilhali saruji na nondo hazikukaa pale. Wengine hukosea kwa upande wa pili: huandika bei ya kuuzia, pamoja na kiwanja. Kiwanja hakiungui. Namba inayotakiwa ni gharama ya kuijenga nyumba hiyo upya leo, pamoja na kubomoa na kuzoa vifusi, na ada ya mchoraji ramani. Kila mwaka kabla ya kulipa ada mpya, mwite fundi anayekadiria vifaa, mpe vipimo vya nyumba kwa mita za mraba, akuandikie makisio yenye tarehe na sahihi, na nakala moja umpe wakala wako wa bima naye akusainie kwamba ameipokea.